Palizi ya Yule wa Sudi

Siku ile walikuwepo hawa. Mjomba, kaka mkubwa wa marehemu mama yetu, alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Mke wake alikaa mkekani pamoja na binti yao, binamu yetu, aliyekuja kutoka Lindi mjini akiwa na mtoto mchanga. Baba mdogo alitoka Kiswere, akafika amechelewa na samaki wakavu ndani ya kikapu. Mdogo wangu wa kiume aliegemea mlango. Mdogo wangu wa kike, wa mwisho kwetu, alikaa nyuma yangu akiwa ameyakumbatia magoti. Mimi nilikuwepo kwa kutoka na kuingia, maana wageni walihitaji kunawishwa mikono. Na uani, karibu na mafiga, alikuwepo jirani yetu, mwanamke wa kutoka kijiji cha Sudi, akibangua korosho zangu.

Mjomba alifungua kikao kwa kuwataja waliohudhuria, ili kesho asitokee mtu wa kusema hakushuhudia. Alimtaja baba mdogo. Akamtaja mkewe na binti yake. Akamtaja hata yule mchanga, watu wakacheka. Sisi alitutaja kwa pamoja, "watoto wa marehemu". Wa uani hakumtaja. Nimemtaja mimi hapa, ingawa jina lake sitaliandika. Hata pale kijijini kwetu, Mitole, halikusemwa sana. Aliletwa kijijini kwa ndoa, hakujaaliwa mtoto, mumewe akaoa mwingine na kuhama naye. Wanawake wenzake waliitwa Mama Fulani na Mama Fulani. Yeye hakuwa na mtoto wa kuitiwa. Alikuwa yule wa Sudi, basi.

Baba yetu alitangulia. Mama alimfuata nikiwa kidato cha pili. Hakuna aliyeniambia niache shule. Siku tatu za matanga zilipokwisha watu waliondoka, na asubuhi iliyofuata wadogo zangu walinitazama wakisubiri uji. Nikakoka moto. Sare yangu nilimpunguzia mdogo wangu wa kike alipofika kimo cha kuivaa.

Kikao kile mjomba alikiitisha yeye kwa sababu kwetu mwenye neno juu ya watoto ni mjomba. Baba mdogo hufika kwa heshima, hula, na hukubali. Ajenda ilikuwa moja. Binamu yetu alikuwa amejifungua, ana kazi mjini, na alihitaji mtu wa kumlelea mtoto. Walikuwa wamekuja kumchukua mdogo wangu wa kike, aliyekuwa kidato cha tatu.

Lakini kabla ya kikao kulikuwa na kitabu, na bila kitabu sidhani kama ningefungua mdomo.

Mdogo wangu huyo alisoma Kilwa Masoko na kukaa hosteli. Likizo ile alirudi na riwaya waliyokuwa wakiisoma darasani, isiyo na jalada, isiyo na mwanzo wala mwisho. Nakala za shule zilikuwa chache, wakazikata kila moja vipande vitatu na kuvishona kwa uzi wa gunia, wanafunzi wakawa wanapokezana. Yeye alipewa kipande cha kati. Cha kwanza alikwisha kukisoma, akatusimulia kwa kichwa. Cha mwisho kilikuwa kwa mwenzake wa Kivinje.

Tulikuwa uani, mimi na yule wa Sudi, tunabangua. Tulikaanga korosho ghafi kwenye kipande cha bati mpaka mafuta ya maganda yakashika moto, tukamwagia mchanga, kisha tukazipasua moja moja. Vidole tulivipaka majivu ili visiungue, na bado viliungua. Mdogo wangu alikaa upande usio na moshi, akasoma kwa sauti.

Kitabu kilihusu mfanyabiashara tajiri na mwanawe aliyerudi kutoka masomoni. Walikuwa wakigombana juu ya kiwanja, na juu ya mke ambaye kijana alimtaka na baba hakumtaka. Kila wakigombana, mlango ulifunguka, binti wa kazi akaingia na sinia la chai.

"Huyo anaitwaje?" nikauliza.

Akageuza kurasa mbele na nyuma. "Hana jina, dada. Ni binti wa kazi tu."

"Na yule mlinzi wa getini uliyetusimulia jana, mbona alikuwa na jina?"

"Mlinzi analo. Na baiskeli anayo."

"Na utani anao," akadakia wa Sudi. "Huyo mlinzi namjua mimi. Anasubiri chapati."

Tukacheka. Mdogo wangu akaendelea kusoma. Tajiri alikuwa akieleza kwa urefu jinsi alivyoanza na duka dogo, jinsi alivyolala njaa. Wa Sudi akapasua korosho kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mwanangu, hayo ya tajiri yaruke. Nirudishe kwa yule wa chai."

"Hayupo, mama. Ameshatoka na sinia."

"Basi tutamsubiri."

Ukawa ndio mchezo wetu siku zile. Kila mdogo wangu alipofungua kitabu, wa Sudi aliuliza, "Ameingia?" na mdogo wangu alijibu, "Bado." Akiingia, tulisimamisha kazi. Aliingia mara chache. Mara ya kwanza alileta chai. Mara nyingine aliambiwa akamwite mtu. Mara nyingine alipigwa kofi kwa ajili ya shati lililoungua pasi, na mwandishi akaendelea na habari za shati. Mahali pamoja palisema kwamba mwisho wa mwezi mlinzi alipewa mshahara wake mkononi, akaenda nao anakokwenda. Wa yule binti alikuja baba yake kuuchukua, akanywa chai, na chai hiyo aliileta binti mwenyewe.

Mdogo wangu alisoma sentensi ile, akairudia.

"Mwalimu alisema huyu ni mhusika mdogo," akasema. "Kazi yake ni kuwajenga wahusika wakuu."

"Anawajenga kwa chapati," akasema wa Sudi.

"Lakini, dada, mlinzi naye ni mdogo. Naye maskini. Mbona yeye kapewa jina?"

Nilisema labda binti atalipata huko mbele. Nilikuwa na imani kubwa na kipande cha mwisho. Niliwaambia kwamba siku moja atalitua lile sinia mbele ya wageni na kusema neno, na nyumba nzima itamgeukia. Wa Sudi alisema hapana, ataiba kijiko cha fedha na kutoroka. Mdogo wangu alisema pengine kijana wa tajiri atampenda. Tukamzomea.

Kisha wakaja wageni.

Mke wa mjomba ndiye aliyeeleza. "Hatumpeleki utumishi, jamani, nisieleweke vibaya. Anakwenda kwa dada yake. Atakula wanachokula, atalala wanapolala."

"Na shule?" nikauliza nikiwa na birika mkononi.

"Shule hata Lindi zipo."

"Atahamia ipi?"

Binamu akamrekebisha mtoto titini. "Hayo tutayaona mtoto akichangamka kidogo," akasema.

Sauti ikatoka uani: "Huyo akichangamka, atakuja mwingine!"

Mjomba akainua kichwa. "Nani anazungumza huko?"

"Korosho zinapasuka, mzee."

Baba mdogo alicheka, akajifanya anakohoa. Mjomba hakucheka. Alisema mtoto wa kike hata akisoma ataolewa, na mwenye kumlea mtoto wa ndugu hujifunza nyumba. Alisema mdogo wangu wa kiume asiguswe, kwa sababu yeye ndiye atakayesimamisha ukoo. Wakati ule mdogo wangu wa kiume alikuwa amekaa nyumbani tangu mwaka ulipoanza, akisubiri nafasi ya kujifunza ufundi pikipiki Nangurukuru.

"Huyo si ndiye hana shughuli?" ikasema sauti ya uani. "Akalee yeye."

Hapo walicheka wote, hata mjomba, hata mdogo wangu wa kiume mwenyewe. Mdogo wangu wa kike peke yake hakucheka. Nilihisi kidole chake kimeshika pindo la kanga yangu kwa nyuma, hakivuti, kimeshika tu.

Nikamwona na sinia. Sikuona mbali zaidi ya hapo. Nilimwona akiingia kwenye chumba ambacho watu wanagombana juu ya kiwanja, akitua vikombe, akitoka.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Mke wa mjomba alinitazama kuanzia vidoleni, vilivyokuwa vyeusi kwa maganda, mpaka usoni. Nadhani alikuwa akimpima mtu wa sebuleni. "Na shamba la mama yenu?" akauliza. "Mikorosho ikimezwa na nyasi, hawa watakula nini?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Mikorosho ya mama na kipande cha ufuta pembeni yake ndivyo vilivyotulisha na kulipia hosteli. Mwaka mmoja wa nyasi, na moto wa kichaa ukipita, huna shamba. Kabla sijajibu, yule wa Sudi akatokea mlangoni, majivu mpaka kwenye viwiko.

"Nitalipalilia mimi," akasema.

"Wewe si wa ukoo huu," mjomba akamwambia.

"Nyasi nazo si za ukoo huu, mzee, na zinaota."

Mjomba akasema basi na aende huyu mkubwa, kwa kuwa hata hivyo hana anachopoteza. Akaomba fatiha. Tukainua mikono.

Jioni, wageni walipokwisha kulala kwa shibe, nilimfuata wa Sudi kumshukuru. Alinikatiza. "Asante yako kaa nayo. Sisi tunalimiana, hatugawiani sadaka. Mimi nikipalilia kwako msimu, wewe unapalilia kwangu msimu. Nataka mgongo wako kwenye shamba langu."

"Nitarudisha," nikasema.

"Najua utarudisha. Wewe hujui kukaa."

Kulimiana ni jambo la wanawake huku kwetu. Leo tunakwenda kwako na majembe, kesho kwangu. Haliandikwi, na halisahauliki. Mwanamke anayekula palizi ya wenzake na kujificha zamu yake ikifika, hata msibani kwake watakuja wachache.

Lindi nilikaa misimu miwili. Sitaki kumsingizia binamu yangu. Hakunipiga, na nilikula. Nilikula jikoni wao wakishamaliza, kwa sababu wakati wao wanakula mtoto alikuwa mikononi mwangu. Nililala chini, chumba cha mtoto, kwa sababu mtoto aliamka usiku. Kila jambo lilikuwa na sababu yake nzuri. Siku za mwanzo wageni wakiuliza, "Huyu nani?" binamu alisema, "Ndugu yangu kutoka Kilwa." Baadaye akasema, "Huyu ananisaidia." Baadaye hakuna aliyeuliza. Niliingia na vikombe, wakasogeza miguu bila kukatiza mazungumzo, nikatoka. Siku moja nilisimama koridoni na sinia tupu nikajikuta nasema kimoyomoyo, ameshatoka. Nilitamani kumsimulia wa Sudi, lakini hakuwa na simu.

Habari zake nilizipata kwa mdogo wangu wa kike. Alikuwa amepalilia kwetu kwanza, kwake baadaye. Ufuta wetu ulitoka vizuri, wake ulizidiwa na magugu. Msimu wa pili aliniambia wa Sudi miguu inamvimba, anapalilia amekaa, anajisogeza kwa makalio kutoka shina hadi shina. "Nimemwambia aache," mdogo wangu akasema. "Ananiambia nirudi kwenye kitabu."

Siku nyingine alinipigia mchana. Nilikuwa nafua nepi, simu nikaibana kwa bega.

"Dada, kipande cha mwisho kimenifikia."

"Ameingia?"

"Nimekisoma chote. Kijana na baba yake wanapatana. Kuna harusi. Kwenye sura ya mwisho chai inaletwa, lakini aliyeileta ni mwingine. Mwandishi amesema tu, 'mtumishi mpya'."

"Na yule wa kwanza?"

"Hawasemi."

"Hawasemi kafa, kafukuzwa, kaolewa?"

"Hakuna, dada. Nimetafuta mara mbili."

Nilikaa na nepi mkononi. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Mlinzi, aliniambia, yupo mpaka mwisho, anakula pilau la harusi na kutoa utani. Nikamuuliza kama mwandishi alifanya kusudi au alisahau. Akasema hajui, na darasani wamegawanyika. Wengine wanasema alisahau. Yeye aliona kwamba hata kama alisahau, amesema kweli ya nyumba ile, kwa kuwa nao wangesahau.

Kwenye mtihani wa kidato cha nne lilikuja swali la wahusika. Wengi waliandika juu ya tajiri na mwanawe. Yeye alimwandika binti wa chai. Alinieleza alivyoandika, nami naeleza kwa maneno yangu: kwamba kitabu kinaonesha maskini wawili nyumba moja, na mwanaume kati yao kabakishiwa jina na mshahara wake. Mwanamke kachukuliwa hata hivyo viwili. Na tajiri ana kurasa nzima za njaa yake ya zamani, ila aliyempikia hatujaambiwa kama siku hiyo alikula. Sijui walimpa alama ngapi kwa hilo. Amefaulu Kiswahili, hesabu zimemwangusha, sasa anatafuta chuo cha cheti.

Mtihani ulipokwisha niliaga Lindi. Binamu alikuwa na mimba ya pili. Alisema, "Unaniacha na nani?" Nikamwonea huruma, nikaondoka. Baada ya miezi michache nilisikia kapata mwingine, kutoka bara. Jina lake sikuambiwa mpaka nilipouliza mara mbili.

Nilifika Mitole kabla ya mvua. Wa Sudi alikuwa kitandani, miguu imejaa kama mito. Alinitazama mikono.

"Imekuwa laini. Utaweza jembe wewe?"

"Mvua ikinyesha utaona."

"Nitaona nini na mimi siinuki? Utakuja kunisimulia. Na usinisimulie ya tajiri."

Mvua zikaanza. Nilipanda kwake kabla ya kupanda kwetu: mahindi na mbaazi kati ya mikorosho yake michache. Kupanda si palizi. Niliyodaiwa ilikuwa palizi, na palizi husubiri magugu. Mahindi yalikuwa na majani manne alipofariki, asubuhi, wakati nimekwenda kumchotea maji.

Walikuja ndugu zake wa kiume kutoka Sudi. Mume wa zamani hakuja, alimtuma mpwa wake. Sisi wanawake tulibaki ndani kwenye mikeka kama kawaida, jeneza likatoka na wanaume. Kwetu, kabla ya kuzika, hutangazwa madeni: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, ajitokeze. Hilo husemwa huko, sisi hatupo. Nilikuwa nimemshika mdogo wangu wa kiume mkono asubuhi ile.

"Wakitangaza, simama. Sema tunadaiwa palizi, misimu miwili."

"Dada, wanaume wote wale? Niseme palizi?"

"Sema. Ile nafasi ya ufundi uliyoipata imelipiwa kwa ufuta uliopaliliwa na nani?"

Alisema. Siwezi kumnyima haki yake, alisimama akasema. Aliporudi nilimvuta nyuma ya nyumba.

"Nilisema mbele yao wote," akanieleza. "Kisha mzee mmoja akasema, 'Hayo ya majembe ya akina mama wakamalizane jikoni.' Watu wakacheka kwa chinichini. Imamu akawanyamazisha. Kaka wa marehemu akasema, 'Tumesamehe.' Wakaendelea."

"Kasamehe nani?"

"Kaka yake."

"Alipalilia yeye?"

Mdogo wangu akatazama viatu vyake, vina udongo wa kaburi. "Mimi nimesema, dada. Nimesema kama ulivyonituma."

Ndugu wa Sudi walikaa mpaka matanga yakaisha, wakachukua kitanda, mbuzi na sufuria. Shamba hawakulichukua. Mpwa wa mume alituambia lile ni la mjomba wake, mke alikuwa akilitunza tu. Mikorosho ile aliipanda marehemu mwenyewe baada ya kuachwa, na kijiji kizima kilimwona akibeba maji ya miche. Nilikwenda kulisema hilo ofisini kwa mtendaji. Akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikasema jirani. Akasema jirani si mrithi.

Mdogo wangu wa kike ananiambia tumesamehewa, nipumzike. Baba mdogo amenitumia salamu kutoka Kiswere kwamba deni lililosamehewa mbele ya jeneza limekwisha. Mimi sijasikia likisamehewa na mwenye nalo. Yeye aliomba mgongo wangu kwenye shamba lake, na shamba lipo, naliona kutoka uani kwetu ninapobangua. Nikiingia na jembe, nampalilia mpwa wa mwanaume aliyemwacha, naye atavuna na kusema asante. Nisipoingia, mahindi niliyoyapanda mwenyewe yanakufa, na mikorosho yake inasubiri moto wa kiangazi.

Kwetu nimemaliza palizi ya kwanza. Jembe nimelinoa tena, liko mlangoni. Kwake nyasi zimefika magotini.